Aliyehesabiwa Nyuma Yangu

Mkwe wangu alikuja kwangu Jumanne asubuhi na beseni kichwani. Nikadhani ameleta nguo tufue pamoja, maana bomba la kwao lina tabia ya kukauka katikati ya wiki. Akalitua mlangoni, akatoa suruali moja tu, akaitandaza juu ya kiti changu cha plastiki kama mtu anayeonyesha bidhaa. Ilikuwa suruali ya kazi ya mwanangu mkubwa, anayetembeza wageni pangoni. Maji ya chumvi yalikuwa yamekauka yakaacha mstari mweupe, na mstari ule haukuwa magotini. Ulipanda hadi kiunoni. Akatoa na shati, mstari ukaendelea mpaka juu ya mfuko wa kifuani.

"Mama," akaniambia, "waongoza wageni wanalowa miguu. Huyu analowa kifua."

Ilikuwa mara ya nne mwezi ule. Wageni hutoka pangoni alasiri jua bado lina nguvu, lakini mume wake alikuwa akifika nyumbani limeshazama, meno yanagongana. Akiulizwa, anasema alikuwa anakagua kamba. Kamba gani hizo zinazokaguliwa ndani ya maji ya kifua, mkwe wangu hakuambiwa. Mezani mume wake haongei. Anaongea usingizini, na anachosema ni namba moja tu, kumi na mbili, kwa sauti nyembamba isiyo yake.

Nililishika lile shati likanikwaruza vidole kwa chumvi. Nilizaa watoto wa kiume wawili. Mdogo alifia katika pango lilelile mwaka juzi. Aliyebaki ndiye mwenye shati, na darasa langu la saba lilinitosha kabisa kusoma kilichoandikwa pale: anabaki ndani makusudi, na kila mara anabaki kidogo zaidi ya mara iliyopita. Nikamwomba mkwe wangu aniazime viatu vyake vya raba. Akauliza nakwenda wapi. Nikasema nakwenda kutembea kama watu wengine, nirushwe kwenye waya.

Matembezi yenyewe ni ya siku moja. Asubuhi wageni wanafungwa mikanda wanateleza kwenye waya juu ya bonde, kutoka kilima hadi kilima. Adhuhuri wanaingia pangoni kwa mlango wa juu. Alasiri wanatokea kwa mlango wa chini, ambako pango linafungukia katikati ya mikoko, na mtumbwi unawasubiri kuwazungusha kwenye vijito kabla ya kuwarudisha. Wanangu waliifanya kazi hiyo miaka tisa pamoja. Mkubwa alitangulia, wenyewe wanamwita kichwa. Mdogo alikuwa wa mwisho nyuma ya wageni, akiitwa mkia, na alikuwa akisema heri yeye, kwani mwamba ukiwa chini kichwa ndicho kinachogonga. Alisema hivyo nyumbani, kwetu tu, na ilimchukua muda mrefu kuyamaliza maneno hayo. Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kutamka. Huko nyuma kwenye mkia hakuna mgeni anayekuuliza maswali.

Kuna sheria moja pale niliyoijua hata kabla sijakanyaga. Katikati ya pango kuna chumba kikubwa. Wageni wakifika hapo wanakaa chini, wanazima taa zao za kichwani waone giza lenyewe likoje, kisha wanahesabiana humohumo gizani. Wa kwanza anasema moja, wa pili mbili, hivyo hivyo hadi mkia, ambaye namba yake ndiyo ya kufunga. Hesabu ikitimia wanateremka njia ya chini. Isipotimia hakuna anayesogeza hata unyayo, kwa sababu bahari ikijaa, njia ya chini nayo inajaa hadi darini.

Siku ya msiba wageni walikuwa kumi na mmoja. Hesabu ikafika kumi na moja, na kumi na mbili ikatajwa. Wakateremka. Walipofika kwenye mtumbwi kichwa akageuka, mkia hayupo. Kabla ya hesabu alikuwa amerudi juu, kwenye mpasuko mmoja wa mwamba, kuokota miwani ya mgeni, akateleza, mguu ukavunjika. Akajikokota kuwafuata, na maji yakamkuta kwenye njia ya chini. Kaka yake alirudi mbio lakini bahari ilishafunga. Walipomtoa kesho yake miwani ilikuwa mfukoni, haina hata ufa.

Msimamizi wa kituo alikuja nyumbani na karatasi, akatusomea. Hesabu ilikuwa kamili, kwa hiyo marehemu alirudi nyuma kwa hiari yake baada ya kuhesabiwa. Nilimpa kiti, nikamshukuru kwa kuja. Ila maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni: unameza mate, unakunywa maji, upo tu. Mwanangu mkubwa alikuwa amekaa pembeni akiangalia sakafu. Nilidhani ni majonzi.

Basi Jumatano asubuhi nikajitokeza kituoni. Ni kibanda cha mbao chenye helmeti zilizotundikwa kwenye misumari, zinanuka jasho la watu wa jana. Tulikuwa wanane: mwalimu wa hesabu aliyestaafu, kinyozi mmoja mpiga porojo, mafundi cherehani watatu wa duka moja waliofunga kazi siku hiyo, bwana na bibi harusi ambao hina ilikuwa bado haijafutika, na mimi. Mwanangu alikuwa anagawa helmeti. Aliponifikia mkono ukabaki hewani.

Aliniuliza chinichini nimefuata nini. Nikamwambia nimefuata wanachofuata wenzangu. Akasema magoti yangu hayawezi. Nikasema magoti ni yangu na sijalalamika. Akanifunga mkanda wa helmeti chini ya kidevu kama nilivyokuwa nikimfunga vifungo vya shati la shule, na nikaona jinsi alivyokonda, mashavu yameingia, macho yako kwangu lakini mwenyewe hayupo.

"Rudi nyumbani, Mama," akasema.

"Nitarudi na wewe."

Kwenye jukwaa la waya tulipanga foleni. Nikaona bibi harusi anatetemeka, nikaanza kuwategea vitendawili kuwapotezea woga. Niliwauliza ni nani mwenye miguu mingi matopeni na hajawahi kupiga hatua. Fundi mmoja akasema mkoko, tunauona ule pale chini. Nikawauliza ni nani ukimwita hakutazami, anakurudishia maneno yako mwenyewe. Kinyozi akasema mke wake. Watu wakacheka hadi mwenye kufunga mikanda akaangusha kulabu. Mwalimu akatoa jibu lenyewe, mwangwi, kwa sauti ya kusahihisha daftari.

Zamu yangu ikafika. Nilikaa kwenye ile mikanda kama mzigo wa kuni, wakanisukuma. Sitasema uongo, nilipiga ukelele mmoja mrefu kuanzia kilima hiki hadi kile, na wenzangu waliniambia ulisikika kama king'ora. Chini yangu miti ilikuwa kama mboga sokoni, mbele bahari, na kati yake ile mikoko ya kijani nzito, na katikati ya mikoko doa jeusi. Nikajua ndio mdomo wa pango. Ukelele ukanikatikia hapo.

Mwanangu alikuja wa mwisho. Akatua, akajifungua, akageuka kuutazama waya. Pale juu mwenye kufunga mikanda alikuwa ameshaondoka na jukwaa lilikuwa tupu. Lakini waya uliendelea kuimba, ule mlio wa kapi linapobeba mtu, na ulilegea katikati kama unavyolegea kwenye uzito. Mwanangu akasimama ukingoni akanyoosha mikono miwili mbele, kama alivyotudaka sisi wote. Akangoja. Mlio ukaja mpaka karibu kabisa, ukanyamaza.

Kinyozi akamtania, akamuuliza anamsubiri nani, mkuu. Mwanangu akaishusha mikono, akaificha mifukoni.

Tulikula mikate yetu na mayai ya kuchemsha kwenye kivuli cha mlango wa juu. Kutoka mle ndani ulikuja upepo wa baridi wenye harufu ya popo na chumvi, unakupuliza kisogoni kama mtu aliyekusogelea kukunong'oneza halafu akaghairi. Mwanangu alitaka nitembee nyuma yake hatua kwa hatua. Nikakataa. Nikasema magoti yangu hayapendi kusukumwa na wenye haraka, nitakaa mkia, maana tangu msiba nafasi hiyo haikuwa na mtu. Neno hilo lilimsimamisha. Kisha akawasha taa yake akaingia.

Pango hilo halina ubaya kwa macho. Kuna mawe yaliyoning'inia kama mishumaa, na mengine yamesimama kama wazee barazani, na maji yanadondoka mahali usipopaona. Wenzangu walikuwa wanashangaa na kupiga picha. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nyuma yangu kulikuwa na hatua. Nikitembea zinatembea. Nikisimama zinasimama, lakini zinachelewa, hatua moja zaidi, halafu kimya. Nikajiambia mwangwi. Nikasogea tena, nikasimama ghafla nikiwa nimeinua mguu mmoja. Ile hatua ya ziada ikaja, ya kuburuta, ya mtu ambaye mguu wake mmoja hauwezi.

Sikugeuka. Nilisema tu, kwa sauti ya chini, "Polepole, baba, hatukimbizwi," kama nilivyokuwa nikimwambia alipokuwa mdogo tukitoka kisimani.

Tukafika kwenye kile chumba. Mwanangu akatuketisha, akatueleza maneno anayowaeleza wageni kila siku: giza la humu si la usiku, usiku una nyota, humu hata ukiuweka mkono puani huuoni. Akasema tuzime taa, tuhesabiane kuanzia mbele. Taa zikazimika moja moja. Yangu niliizima ya mwisho.

"Moja," akasema mwalimu.

"Mbili," kinyozi, na safari hii hakuongeza kitu.

Mafundi wakasema tatu, nne, tano. Bibi harusi akasema sita kwa pumzi, mume wake saba. Mimi nikasema nane. Hesabu ilikuwa imekwisha hapo. Wageni wanane na hakuna mkia mwingine ila mimi.

"Tisa," ikasema sauti kutoka mbele.

Ilikuwa sauti ya mwanangu mkubwa, lakini aliikaza akaifanya nyembamba. Wengine wangedhani ni mtu mwingine. Mimi sauti ile naijua. Ilitengenezwa jikoni kwangu.

Mdogo wake alipoanza darasa la kwanza, shule yetu ilikuwa na upungufu wa walimu, kwa hiyo la kwanza na la tatu walikaa chumba kimoja. Mwalimu alikuwa akiita majina bila kuinua macho kwenye daftari. Likiitwa la mdogo, neno linamkwama, darasa linacheka, na mwalimu anadhani ni jeuri. Siku ya tatu mtoto alirudi viganja vimevimba kwa fimbo hata kijiko hashiki. Nikamwita kaka yake. Nikamwambia, jina lake likiitwa, itika wewe, mwalimu hatazami, anasikiliza tu. Akanijaribia ile sauti nyembamba ya mdogo wake palepale kando ya jiko, nikacheka mpaka nikashika ukuta, nikamsifu. Tangu siku hiyo akawa anamjibia. Alimjibia shuleni, dukani, hospitali, hata mimi nikimuuliza mdogo ameshiba, mkubwa ndiye anayesema ndiyo. Mdogo akazoea kunyamaza na sisi tukazoea kutomngoja. Alikua, akaota ndevu, akaingia kazini, na sikumbuki mara ngapi nilimwacha amalize sentensi.

Ndivyo ilivyokuwa, basi. Miaka tisa ndani ya giza lile, namba ya mkia ilikuwa inatajwa na kichwa. Siku ile nayo, hesabu ya wageni ilipofika kumi na moja, kaka akamjibia ndugu yake kama kawaida, hata bila kufikiri, na hesabu ikatimia. Na mwenye namba yuko juu kule, mguu umevunjika, anajaribu kuita, na neno limemkwama.

Nilikuwa bado nimekaa na hilo kifuani ndipo nikasikia nyuma yangu.

"T..."

Karibu sana. Nyuma ya bega langu la kushoto, mahali ambapo ukuta ulikuwa umegusa mgongo wangu.

"T... t... t..."

Bibi harusi akauliza nani huyo. Nilisikia mafundi wakishikana, nguo zinasuguana. Ile sauti ikavuta pumzi, ikaanza upya, ikakwama mahali palepale. Mtu asiyekuwa na mtoto wa hivyo hawezi kujua jinsi ulimi wako unavyowasha. Neno liko mdomoni mwako tayari, fupi, unatamani kumsaidia limtoke apumzike. Na nikasikia kule mbele mwanangu mkubwa akivuta pumzi kulisema.

"Mwache," nikasema. "Atasema mwenyewe."

"Mama..."

"Mwache. Hatuna haraka naye."

Tukangoja. Sijui ilikuwa muda gani, gizani hakuna saa. Maji yalidondoka mahali. Kinyozi alikuwa anatweta. Sauti ilikwama, ikaacha, ikakwama, ikaacha, na kila ilipoacha nilidhani imekwenda. Mikono nilikuwa nimeikalia, maana ilitaka kurudi nyuma kumshika.

"Tisa," akasema mwanangu mdogo.

Lilitoka zima, zito, sauti ya mwanamume. Sikuwa nimewahi kuijua sauti yake ya utu uzima.

Mtu mmoja akawasha taa, wengine wakafuata, nyuma yangu kukawa na ukuta tu unaotoa jasho. Mwanangu mkubwa alikuwa amesimama kule mbele, uso umelowa. Akawaambia wageni ni mwangwi, pango lina mambo yake. Mwalimu akaokota kofia yake, akasema polepole kwamba mwangwi hauna kigugumizi. Hakuna aliyetaka kubishana naye hapo. Wote walitaka kutoka.

Njia ya chini ilikuwa tayari na maji ya vifundoni. Walikwenda haraka, taa zao zikipinda kona mbele yangu, nami nikawaacha waende. Nilipofika mahali palipo na jiwe kama benchi, nikakaa. Mwanga wa mlango wa chini ulikuwa unaonekana, wa kijani, umechujwa na mikoko. Nikasikia mwanangu akiwapandisha kwenye mtumbwi mmoja mmoja, kisha akamwambia mama mpiga kasia awapeleke, yeye anabaki kukagua kamba.

Nikamsikia yule mama akimjibu kwamba yeye hana elimu ya kuhesabu gizani, anahesabu vichwa kwa macho, na aliambiwa wageni ni wanane na anaona saba, na kasia lake halitagusa maji.

Mwanangu akarudi akiyakata maji kwa magoti. Aliponiona nimekaa, alisimama.

"Mama, maji yanajaa. Inuka."

"Na wewe unabaki?"

Akaninyooshea mkono aniinue, sikuushika.

"Mkia hatoki kabla ya kichwa," nikamwambia. "Nyinyi wenyewe ndio mlioiweka sheria hiyo. Ukibaki nabaki, na mimi kuogelea sijui, unajua."

Akakaa karibu yangu. Maji yalikuwa yanapanda bila kelele, unaona tu jiwe la mbele lilikuwepo na sasa halipo. Akanieleza kila kitu pale, huku akitazama mikono yake. Kwamba tangu msiba, kila safari, hesabu ikifika mwisho mdomo wake unamjibia ndugu yake wenyewe. Alijaribu kunyamaza mara moja akaona kama anamwacha mara ya pili. Na kila akishaitaja ile namba, anamsikia nyuma ya wageni akianza kuitaja na yeye, na hamalizi. Wageni hawasikii, au wanadhani ni mtu anakohoa. Basi anawatoa, anarudi hapa, anakaa amsikie amalize. Maji yanafika kifuani, hamalizi.

"Hamalizi kwa sababu umeshamjibia," nikasema.

"Nilimjibia siku ile, Mama. Ile karatasi ni uongo. Hesabu ilikuwa ni mimi."

"Najua."

"Nilimuua."

Nilitaka kusema hapana, ndivyo mama anavyosema. Lakini nilikuwa nimetoka kujifunza kitu kwa gharama, kwamba haraka yangu ya kumsaidia mtu neno si msaada siku zote. Nikamwacha. Akalia mpaka akachoka, na maji yakatufika mapajani.

"Nani alikufundisha kumjibia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa, akasema nisianze.

"Nimeuliza nani. Ulikuwa na miaka tisa. Uliijaribu ile sauti kando ya jiko langu, na mimi nilipiga makofi. Sasa chukua nusu yako, nusu yangu niachie, usiibebe, si mzigo wako. Na hiyo nusu yako hutaipunguza kwa kukaa hapa. Utaniongezea tu."

Akachota maji kwa kiganja, akayamwaga. Kisha akasema kwa sauti ya mtoto kwamba akitoka leo, ndugu yake atabaki peke yake.

"Ameshajihesabu," nikasema. "Mwenyewe. Umesikia."

Akaangalia kule juu tulikotoka, kwenye giza. Akaangalia kwa muda mrefu nikaogopa. Mimi nisiyejua kuogelea nilishaona maji ya kiuno, na moyoni nikasema sawa, akichagua kubaki, tumebaki. Halafu akanishika mkono akaniinua. Kichwa hutangulia, hawezi kumwona aliye nyuma, ila safari hii hakuuachia mkono wangu, akatembea ubavu kama kaa mpaka nje. Mlangoni maji yalinifika kidevuni na akaniinua mabegani kama gunia.

Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwenye mizizi. Watu saba wamekaa kimya kama wako msibani. Mama mpiga kasia akaninyooshea mkono, akanivuta, akasema, "Dada yangu, umeninyima chai ya saa kumi," na hapo ndipo meno yangu yakaanza kugongana. Wale mafundi wakanivua koti lililolowa wakanifunika kanga zao. Tukapita katikati ya mikoko, matawi yanakwaruza ubao, kaa wekundu wanapanda mizizi kukimbia maji. Hakuna aliyepiga picha. Mwanangu alikaa mbele na mgongo wake kwetu, na mara moja tu aligeuka, akatazama mdomo wa pango mpaka maji yalipoufunika.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi akamwambia ukweli. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje. Msimamizi alipandisha sauti, kisha akaishusha, kisha nikasikia karatasi zikitafutwa kabatini. Waliandika upya. Alisimamishwa miezi mitatu, na aliporudi wakamtoa pangoni wakamweka kwenye jukwaa la waya, anafunga watu mikanda juani kutwa nzima. Amenenepa kidogo. Mkwe wangu anasema usingizini sasa anakoroma tu, na hajawahi kusikia mkoromo mtamu kama ule. Nguo zake zikiletwa kufuliwa, zina vumbi.

Nilichokwenda kukitafuta nilikipata. Nilikwenda kumtoa mmoja na nilimtoa.

Lakini juzi nilirudi. Sikumwambia mtu. Mwongozaji wa sasa ni binti mmoja mwenye sauti ya kuamuru, mzuri kwa kazi, na mkia wake mwanamume mpole. Nikamwomba yule mkia anipishe nikae nyuma yake. Njiani nilisimama mara nyingi nikiwa nimeinua mguu. Nikasimama, nikasikiliza, nikasimama tena, mpaka wakadhani naumwa. Kwenye chumba tukazima taa. Wakahesabiana, ikafika kwa yule mkia akasema kumi na moja, nami nikafunga na kumi na mbili.

Halafu nikangoja. Sikusema neno. Nilimpa nafasi yote, mtoto wangu, nafasi ya miaka yote ile. Maji yalidondoka mahali. Mtu akakohoa, akaomba radhi. Nyuma ya bega langu ukuta ulikuwa ukuta.

Taa zikawashwa, wote wakasimama wakajifuta matope. Mimi nilikuwa bado nimekaa, taa yangu sijaiwasha. Nilitaka dakika moja zaidi. Kisha nikataka nyingine.

"Bibi," yule binti akaniita, kwa upole, ameshafika mbele kwenye njia ya chini. "Bibi, maji."

Nikamsikia. Niliinuka, lakini sikuinuka mara ya kwanza aliponiita.